Vasopresini na vifanani vyake: dawa zinazoamua maji ya mwili yaende wapi

Katika wodi ya wazazi, mama ambaye uchungu wake unasuasua hutundikiwa dripu yenye oksitosini, na mkunga hukaa karibu naye akihesabu matone na kupima mikazo ya tumbo la uzazi kwa kiganja cha mkono. Mawazo ya wote yako kwenye mlango wa uzazi na kwenye mapigo ya moyo wa mtoto. Ni wachache wanaokumbuka kwamba dawa hiyohiyo, ikisafiri kwenye damu kuelekea tumbo la uzazi, hupita pia kwenye figo, na kwamba huko hupokelewa kama mgeni anayefahamika, kwa sababu oksitosini ni ndugu wa karibu wa homoni nyingine inayoitwa vasopresini, ambayo kazi yake kubwa mwilini ni kuamua maji kiasi gani yabaki na kiasi gani yatoke. Dripu hiyo ikiendeshwa kwa saa nyingi, kwa dozi kubwa, ndani ya maji ya glukosi yasiyo na chumvi, mama anaweza kuanza kulalamika kichwa, kisha akachanganyikiwa, kisha akapata degedege, na waliomzunguka wakadhani ni kifafa cha mimba ilhali ni maji yaliyokosa njia ya kutoka.

Makala haya yanahusu familia hiyo ya homoni, na hasa vifanani vyake, yaani molekuli zinazotengenezwa maabara kwa kuigiza homoni ya asili huku sehemu fulani za umbo lake zikibadilishwa kwa makusudi. Nimeichagua familia hii kwa sababu inafundisha vizuri kuliko nyingine jambo ambalo wengi hulielewa vibaya. Tumezoea kuzungumzia madhara ya dawa kana kwamba ni takataka zilizochanganyika nayo kiwandani. Katika vifanani vya vasopresini, karibu kila dhara ni kazi ileile iliyokusudiwa, isipokuwa imefanyika mahali pasipohitajika au imedumu kuliko ilivyotakiwa. Anayeelewa kazi hiyo anaweza kuyatabiri madhara kabla hayajatokea, na mara nyingi anaweza kuyazuia.

Homoni yenyewe ilijulikana kwa sura moja kabla ya nyingine. Mwaka 1895, George Oliver na Edward Schäfer, wakifanya kazi nchini Uingereza, walionyesha kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye tezi ya pituitari, ile tezi ndogo iliyoning'inia chini ya ubongo, yakidungwa kwa mnyama hupandisha shinikizo la damu. Jina vasopresini limetokana na ugunduzi huo, kwa maana ya kitu kinachobana mishipa. Ilipita karibu miaka 20 kabla ya madaktari wawili, mmoja Ujerumani na mwingine Italia, kuripoti mwaka 1913 kwamba dondoo la tezi hiyohiyo hupunguza mkojo kwa wagonjwa wanaokojoa maji mengi kupita kiasi. Tangu hapo homoni hii imekuwa na majina mawili, moja la mishipa na moja la figo, na vitabu vingine huiita homoni ya kuzuia mkojo.

Ili kuona ukubwa wa kazi yake kwenye figo, yafaa kuanza na hesabu. Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kila siku. Sehemu kubwa hurudishwa kwenye damu mapema, katika sehemu za mwanzo za mirija midogo ya figo, bila kuuliza idhini ya mtu. Lakini karibu sehemu moja ya kumi hufika kwenye mirija ya mwisho, ile ya kukusanyia mkojo, na hapo ndipo vasopresini huamua. Ikiwa haipo kabisa, mtu anaweza kukojoa hadi lita 18 kwa siku, mkojo mweupe kama maji ya kunywa. Ikiwepo kwa wingi, mkojo hushuka hadi nusu lita hivi, mzito na wenye rangi ya chai ya rangi.

Namna inavyofanya hivyo ni ya kupendeza. Kuta za mirija ya kukusanyia mkojo zimeundwa na seli ambazo kwa kawaida hazipitishi maji. Vasopresini inapogusa kipokezi, yaani protini ya seli inayopokea ujumbe wa homoni, kinachoitwa V2, kilichoko upande wa seli unaoelekea kwenye damu, seli huanza kusogeza vitundu vya protini kutoka ndani yake na kuvipachika kwenye ukuta wa upande wa mkojo. Vitundu hivyo huitwa akwaporini, na Mmarekani Peter Agre alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003 kwa kugundua protini za aina hiyo. Maji hupita ndani yake kwa mstari, molekuli moja nyuma ya nyingine, yakivutwa na chumvi nyingi iliyojaa katika nyama ya ndani ya figo. Homoni ikiondoka, vitundu hung'olewa na kurudishwa ndani ya seli, na ukuta unaziba tena. Jambo la kushika hapa ni kwamba kinachorudi mwilini ni maji matupu. Chumvi hairudi pamoja nayo, na ndiyo maana vasopresini ikizidi, damu huwa kama mchuzi ulioongezwa maji, wala si kama mchuzi ulioongezwa mchuzi mwingine.

Kwenye mishipa ya damu mambo ni tofauti. Huko homoni hukutana na kipokezi kingine, V1a, kilichoko kwenye misuli laini inayouzunguka mshipa, na kazi yake ni kuukaza. Si mishipa yote inayoitika sawasawa: ile ya ngozi, ya misuli na hasa ya utumbo hubanwa zaidi. Mwili hutumia sehemu hii ya homoni kwa akiba. Chumvi ya damu ikipanda kwa asilimia 1 au 2 tu, pituitari huachia vasopresini kidogo inayotosha kuziamuru figo zihifadhi maji, lakini kiasi kinachoweza kukaza mishipa huachiwa pale ambapo mtu amepoteza damu nyingi au shinikizo limeshuka vibaya. Kwa mtu mwenye afya, basi, figo husikia mnong'ono wa homoni hii kila saa, na mishipa husikia kelele zake siku ya hatari.

Tofauti hiyo ya vipokezi ndiyo iliyowapa wanakemia kazi. Vincent du Vigneaud, mwanakemia wa Marekani, aliunda oksitosini kwa mikono yake mwaka 1953 na vasopresini mwaka uliofuata, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Kazi yake ilionyesha kwamba homoni hizi mbili ni mikufu mifupi ya shanga 9, kila shanga ikiwa asidi amino, yaani kijenzi cha protini, na kwamba zinatofautiana kwa shanga 2 tu, ya 3 na ya 8. Shanga 2 kati ya 9 ndizo zinazofanya moja isukume mtoto na nyingine ihifadhi maji. Ukaribu huo ndio unaoeleza kwa nini mama wa mfano wetu wa mwanzo anaweza kuzibiwa mkojo na dawa ya uchungu: oksitosini ikiwa nyingi, hujishikiza pia kwenye kipokezi cha V2 cha figo.

Mara umbo lilipojulikana, swali likawa rahisi kulisema na gumu kulijibu: je, shanga zipi zikibadilishwa, homoni itaiamuru figo na kuiacha mishipa, au kinyume chake? Jibu la kwanza kubwa lilitoka Prague katika miaka ya 1960, nalo ni desmopresini. Mabadiliko yake ni mawili. Kwenye shanga ya kwanza, kundi la amino liliondolewa, na hilo likaifanya dawa isivunjwe haraka na vimeng'enya vya damu. Kwenye shanga ya 8, arginini ya kawaida ilibadilishwa na arginini iliyogeuzwa, yenye umbo la kioo, kama mkono wa kushoto ulivyo kwa mkono wa kulia. Geuzo hilo moja liliifanya ishindwe karibu kabisa kushika kipokezi cha V1a cha mishipa huku ikiendelea kuishika V2 ya figo barabara. Vasopresini ya asili huisha nusu yake kwenye damu ndani ya dakika 10 hadi 35. Desmopresini huendelea kuzuia mkojo kwa saa 6, 12, na kwa wengine zaidi.

Hapo ndipo pia hatari yake ilipo. Homoni ya asili ina breki: ukinywa vikombe viwili vya maji, chumvi ya damu hushuka kidogo, pituitari hunyamaza, na ndani ya saa moja au mbili maji ya ziada yanatoka. Kidonge cha desmopresini hakina habari na vikombe ulivyokunywa. Kimeziamuru figo zizuie maji kwa usiku mzima, nazo zitayazuia hata kama mwili tayari umejaa.

Chukua mfano wa mtoto wa miaka 8 anayekojoa kitandani, ambaye daktari amempa dawa hii ili aweze kulala kavu. Amemeza kidonge chake saa mbili unusu usiku. Kama alikuwa amepata chakula mapema na kunywa maji yake ya mwisho saa nzima kabla, akalala, asubuhi ataamka na shuka kavu na hakuna lolote litakalotokea. Lakini tuseme ni siku ya joto, amecheza jua kali, na bibi yake, kwa upendo, akampa kikombe kikubwa cha uji mwepesi na baadaye glasi mbili za juisi kwa sababu analalamika kiu. Maji yale yote yanaingia na hakuna yanayotoka. Sodiamu ya damu, yaani sehemu kuu ya chumvi yake, ambayo kwa kawaida huwa kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita, inaanza kushuka. Maji hufuata chumvi ilipo, na kwa kuwa sasa ndani ya seli kuna chumvi nyingi kuliko nje, maji yanaingia kwenye seli, zikiwemo za ubongo, ambazo zimefungiwa ndani ya fuvu lisilotanuka. Mtoto anaumwa kichwa, anatapika, anakuwa mzito kuamka, kisha anapata degedege. Mzazi anayeona kutapika na kufikiri kwamba mtoto anapungukiwa maji, akamnywesha zaidi, anaongeza tatizo bila kujua.

Mambo haya yameshatokea. Desemba 2007, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kwamba imepitia taarifa za watu 61 waliopata degedege kutokana na sodiamu kushuka wakitumia desmopresini, wawili kati yao wakafariki, na ikaondoa idhini ya kutumia ile ya kupuliza puani kwa watoto wanaokojoa kitandani. Vidonge vilibaki, pamoja na maelekezo ambayo kwa maoni yangu yanapaswa kusemwa kwa mdomo kila mara dawa inapotolewa, yasiachwe kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi: kunywa kupunguzwe kuanzia saa moja kabla ya dozi hadi saa nane baada yake, na dawa isimamishwe mtoto akiwa na homa, kuhara au kutapika. Wazee nao wako hatarini, kwa sababu figo zao hutoa maji polepole, na wengi wao wanatumia pia dawa za presha zinazotoa chumvi kwenye mkojo.

Kwa mtu mwenye ugonjwa uitwao dayabetisi insipidasi, ambao licha ya jina lake hauhusiani na sukari bali na pituitari kushindwa kutoa vasopresini, dawa hii ni ukombozi. Mtu aliyekuwa akiamka mara 6 au 8 usiku, akilala na ndoo ya maji kando ya kitanda, anaweza kulala hadi alfajiri. Ninasema hivi ili msomaji asidhani kwamba hatari iliyoelezwa hapo juu inaifanya dawa kuwa mbaya. Kwa huyu anayepoteza lita 10 kwa siku, na kwa mtoto aliyekunywa uji, dawa imefanya kazi moja isiyotofautiana hata kidogo.

Kuna sura nyingine ya desmopresini ambayo iliwashangaza hata waliokuwa wakiitumia. Tulisema haibani mishipa. Lakini mtu anapochomwa dawa hii kwenye mshipa, uso wake huwa wa moto na mwekundu, mapigo ya moyo huongezeka, na shinikizo la damu hushuka kidogo. Yaani kifanani cha homoni iliyopewa jina kwa sababu ya kubana mishipa kinailegeza mishipa. Pamoja na hilo, mwaka 1977 madaktari wa Italia walionyesha kwamba sindano hiyo hupandisha ghafla protini mbili za kugandisha damu, fakta ya 8 na fakta ya von Willebrand, na kwa hiyo inaweza kumwezesha mgonjwa mwenye hemofilia nyepesi ya aina A, ugonjwa wa damu kutoganda ipasavyo, kung'olewa jino bila kuongezewa damu ya mtu mwingine. Kwa ulimwengu ambao damu ya kuongezewa ilikuwa karibu kuwa njia ya maambukizi makubwa, hilo halikuwa jambo dogo.

Maelezo ya mambo haya yote mawili yalipatikana mahali pasipotarajiwa. Wapo watu wanaozaliwa na kipokezi cha V2 kilichoharibika, wengi wao wanaume kwa kuwa jeni yake iko kwenye kromosomu X, na figo zao hazisikii vasopresini hata ikijaa. Mwaka 1988 iliripotiwa kwamba wagonjwa wa namna hiyo wakidungwa desmopresini, uso hauwi mwekundu, shinikizo halishuki, na protini za kugandisha damu hazipandi. Maana yake ni kwamba kipokezi kilekile cha figo kipo pia nje ya figo, kwenye utando mwembamba unaopaka ndani ya mishipa ya damu. Desmopresini inapoufikia utando huo, seli zake humwaga akiba ya fakta ya von Willebrand iliyokuwa imefungashwa ndani yake, na wakati huohuo mshipa hulegea. Akiba hiyo hujazwa polepole, ndiyo maana sindano ya pili na ya tatu kwa karibu huleta matokeo madogo kuliko ya kwanza. Na mgonjwa huyu wa hemofilia, aliyekuja kwa ajili ya damu yake, figo zake nazo zimefungwa kwa siku nzima. Akipewa dripu nyingi wakati wa upasuaji na hakuna aliyekumbuka, atafuata njia ya yule mtoto wa uji.

Upande wa pili wa familia umeshikwa na terlipresini, na hapa ndipo uhusiano wa mishipa na figo unapokuwa mgumu, na kwangu mimi mzuri kuliko sehemu zote. Nguruwe, tofauti na binadamu, ana laisini badala ya arginini kwenye shanga ya 8 ya vasopresini yake. Wanakemia waliichukua vasopresini hiyo ya nguruwe, wakaiongezea shanga 3 za glisini mbele. Ikiwa na mkia huo wa mbele, haina nguvu kubwa. Lakini vimeng'enya vya mwili hukata glisini hizo moja baada ya nyingine, na homoni yenyewe huachiliwa kidogokidogo kwa saa kadhaa. Shabaha yake ni V1a, yaani kubana mishipa, na zaidi ile ya utumbo.

Sasa fikiria mgonjwa ambaye ini lake limekakamaa kwa sirosisi, tumbo limejaa maji, na figo zake zimeanza kuzimika siku baada ya siku. Kwa mantiki ya kawaida, kumpa dawa inayobana mishipa ya damu kungeonekana kama kumnyima maji mwenye kiu. Lakini tatizo la mgonjwa huyu linaanzia mbali na figo. Damu ya utumbo inashindwa kupita kwenye ini lililokakamaa, na mishipa ya utumbo, kwa kujibu kemikali zinazozalishwa na msongamano huo, inatanuka kupita kiasi. Damu nyingi inatuama huko. Moyo na mishipa mikubwa vinaona kama vile mtu anavuja damu, na mwili unatoa kila homoni ya dharura uliyonayo, ikiwemo vasopresini yake mwenyewe, ili kubana mishipa mingine. Mishipa ya figo inabanwa pamoja na hiyo mingine, na kuchuja kunasimama.

Figo zenyewe ni nzima. Ushahidi wake ni wa kushangaza: mwaka 1969 ilichapishwa taarifa ya figo zilizotolewa kwa wagonjwa waliofariki na hali hii, zikapandikizwa kwa watu wenye maini mazima, nazo zikaanza kutengeneza mkojo. Kwa hiyo dawa inayobana mishipa ya utumbo hurudisha damu iliyotuama kwenye mzunguko mkuu, mwili unaacha kupiga kelele za dharura, mishipa ya figo inalegea, na mkojo unarudi. Kubana mahali pamoja kumefungua mahali pengine. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, lililowahusisha wagonjwa 300 wa Marekani na Kanada waliokuwa pia wakipewa albumini, protini ya damu, figo zilirejea kwa asilimia 32 ya waliopewa terlipresini, ikilinganishwa na asilimia 17 ya wale ambao hawakuipata.

Jaribio hilohilo, hata hivyo, lilionyesha bei yake. Ndani ya siku 90, asilimia 11 ya waliopewa dawa walifariki kwa matatizo ya kupumua, wakati kwa wengine ilikuwa asilimia 2. Ukikumbuka kazi ya dawa, sababu haiko mbali. Damu iliyokuwa imetuama tumboni imesukumwa kurudi kwenye moyo na mapafu. Juu yake imeongezwa albumini, ambayo nayo huvuta maji na kuyabakisha ndani ya mishipa. Na moyo unasukuma dhidi ya mishipa iliyokazwa. Mapafu yaliyokwisha kuelemewa hujaa maji. Marekani iliiidhinisha dawa hii Septemba 2022 ikiwa na onyo kali, kwamba isianzishwe kwa mgonjwa ambaye oksijeni yake iko chini ya asilimia 90 hadi hali hiyo itakaporekebishwa. Wengine hupata maumivu ya tumbo na kuhara kwa sababu utumbo umenyimwa damu, na wachache vidole hubadilika rangi na hata kufa ngozi. Daktari anayetumia dawa hii anatakiwa aangalie kucha za mgonjwa kila siku kama anavyoangalia mkojo wake.

Terlipresini ina kazi nyingine inayotuhusu kwa karibu. Kwenye fukwe na visiwa vya Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo huacha makovu kuzunguka mishipa inayopeleka damu kwenye ini, shinikizo hupanda nyuma ya makovu hayo, na mishipa ya umio huvimba hadi siku moja inapasuka. Mvuvi mwenye nguvu zake, ambaye hajawahi kunywa pombe, anatapika damu beseni zima. Kubana mishipa ya utumbo hupunguza damu inayofika kwenye mishipa hiyo iliyovimba, na terlipresini hutumika kwa ajili hiyo hadi mgonjwa apate kufungwa mishipa kwa mpira wa kupitia mdomoni. Oktreotaidi, ambayo ni kifanani cha homoni tofauti kabisa iitwayo somatostatini, hutumika kwa lengo hilohilo.

Turudi wodi ya wazazi, kwa kuwa huko ndiko vifanani hivi vinakogusa watu wengi zaidi. Oksitosini inayotumika hospitalini ni ya kutengenezwa, ingawa umbo lake halitofautiani na lile la asili, na kazi yake ya kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua imeokoa wengi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Ina udhaifu wake mmoja mkubwa katika nchi zetu, nao ni joto: inatakiwa ihifadhiwe kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na zahanati ambayo umeme hukatika mchana kutwa haiwezi kuahidi hilo. Kabetosini ni jibu la udhaifu huo. Nayo imeondolewa kundi la amino kwenye shanga ya kwanza, hila ileile iliyotumika kwa desmopresini, pamoja na mabadiliko mengine mawili, na matokeo yake inadumu muda mrefu zaidi kwenye damu. Aina yake isiyoharibiwa na joto ilijaribiwa na Shirika la Afya Duniani kwa wanawake zaidi ya 29,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba haikuwa duni kwa oksitosini katika kuzuia damu kumwagika kupita kiasi.

Lakini kudumu huko kuna maana yake. Oksitosini huisha nusu yake ndani ya dakika chache, na dripu ikifungwa, mikazo inapungua. Kabetosini haifungiki; ikishaingia imeingia. Ndiyo maana hutolewa baada ya mtoto kuzaliwa, kamwe si kwa kuanzisha au kuongeza uchungu, ambapo tumbo la uzazi lililokazwa bila kulegea lingemkosesha mtoto hewa. Kwa upande wa mishipa, oksitosini ikisukumwa haraka kwenye mshipa huilegeza, na shinikizo la damu la mama linaweza kuanguka ghafla. Mama ambaye tayari amepoteza damu nyingi hana akiba ya kuhimili anguko hilo, kwa hiyo sindano ya mshipa husukumwa polepole, dakika kwa dakika, hata kama chumba kizima kina haraka.

Na kuhusu maji, kinga yake haihitaji mashine. Oksitosini huchanganywa kwenye maji yenye chumvi badala ya glukosi tupu, kwa ujazo mdogo kadiri inavyowezekana, na kwenye karatasi iliyobandikwa kitandani kunakuwa na safu mbili, moja ya maji yaliyoingia na nyingine ya mkojo uliotoka, mkunga akiandika mililita za kila upande. Safu ya kwanza ikisomeka 3,000 na ya pili 400, na mama akaanza kusema kichwa kinamuuma, kuna sababu ya kupima sodiamu kabla ya kitu kingine. Ikiwa imeshuka na degedege imeanza, hupewa maji mazito ya chumvi, kwa kipimo na kwa uangalifu, kwa kuwa kuipandisha sodiamu kwa haraka kupita kiasi nako huumiza ubongo. Ikigundulika mapema, mara nyingi hutosha kufunga dripu na kuzuia maji ya kunywa. Homoni huondoka kwenye damu ndani ya dakika, vile vitundu vya figo vinarudishwa ndani ya seli zake, na baada ya muda mfupi mfuko wa mkojo kando ya kitanda unaanza kujaa, mkojo mweupe kabisa, mwingi, na mama anaanza tena kumjibu mkunga kwa jina lake.